Hostia Saba Zilizobaki

Jumapili, saa kumi za jioni. Joto limebana tangu asubuhi, mawingu yamejaa upande wa bara na hayataki kunyesha. Nimevua shati la kanisani, nimekaa kibarazani, nimeghadhibika. Kwa wanaonisoma hapa mtandaoni hilo si jipya. Jipya ni kwamba leo sina wa kumshambulia isipokuwa mimi mwenyewe.

Padre alikuja. Kwa watu wa mijini hiyo si habari. Kwa kigango chetu, kapela ya mabati na mianzi tuliyoijenga baada ya ile ya kwanza kuchomwa vitani, padre ni mara mbili kwa mwaka, barabara ikiruhusu na magari ya askari yakimsindikiza. Katikati hapo tunasoma Neno, tunaimba, tunarudi nyumbani bila Ekaristi. Kwa hiyo siku akija, watu wanakuja hata kutoka mashambani.

Wiki mbili zilizopita alituma ujumbe kwamba hostia, ile mikate ya Ekaristi, ni chache, unyevu umeharibu boksi zima. Wazee wa kigango tukakaa. Anselmo, animador wetu, yaani anayeongoza sala padre asipokuwepo, akauliza tufanyeje. Mimi, msomi wao, mwenye kabati la vitabu, nikajibu kabla hajamaliza: tuandike lista ya majina.

Miaka yote hii ya kukimbia na kurudi, hapa kwetu hakuna kilichotolewa bila lista. Mchele kwa lista, turubai kwa lista, ndoo kwa lista. Jina lako likiwepo, unasogea. Lisipokuwepo, unakaa pembeni ungoje, pengine mwishoni kitabaki kitu. Tumezoea kiasi kwamba hakuna mzee hata mmoja aliyeshtuka. Nikaandika kwa mkono wangu, na juu nikaweka sharti: asiyejulikana aonyeshe cheti cha ubatizo.

Cheti! Kwa watu waliotoka kwenye moto na nguo za mwilini tu.

Leo, baada ya Baba Yetu, Anselmo alisimama na karatasi akaanza kuita. Padre alimtazama kwa mshangao, lakini hakumzuia. Nadhani alidhani ndiyo desturi yetu. Likaitwa jina la kwanza, na mama mmoja akaitikia kama kwenye mgawo wa msaada, "Presente!" yaani nipo. Wengine wakamfuata. Padre anasema "Mwili wa Kristo," na mtu, badala ya Amina, anajibu presente. Mzee Lukasi, ambaye hajui kuandika, alipofika mbele alimnyooshea padre kidole gumba ili apakwe wino.

Vijana walicheka. Nami nilitaka kucheka. Kisha nikaitwa, nikaenda, nikapokea.

Niliporudi kwenye benchi nilimwona Bibi Felista akitoka nje. Ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Alikuja miezi michache iliyopita akitokea Mbau, na hajakomunika, hajaipokea Ekaristi, tangu siku alipokimbilia porini. Wiki nzima alikuwa akinipita hapa kibarazani akisema, "Mwalimu, Jumapili, eh? Jumapili!" Cheti chake kiliungua pamoja na nyumba. Aliponiambia hivyo nilimjibu, "Tutaona." Yeye alilichukua neno hilo kama ahadi. Mimi nilijua kwamba sikumwandika.

Alienda kusimama karibu na ua wa makuti, mahali wanaposimama wasio kwenye lista. Hakununa. Alikuwa anangoja mabaki, kama anavyongoja siku za mchele.

Hostia saba zilibaki. Padre akazifunika kwenye siborio, kikombe cha kuhifadhia hostia. Hakuna aliyeita mtu wa nje. Nami nilikuwa nimepiga magoti, nimefumba macho, kama mtu anayesali.

Misa ilipokwisha nilimvamia Anselmo mbele ya watu. Ndivyo nilivyo, nikiwa na kosa sauti yangu hupanda.

"Umegeuza altare kuwa ghala!"

Anselmo ni mtu mpole. Aliikunjua karatasi taratibu, akaiinua juu. "Mwalimu wangu, huu mwandiko ni wa nani?"

"Wa mwalimu!" akina mama wakaitikia kwa pamoja, na mmoja akaongeza, "Hata mistari kaipiga kwa rula!"

Wakacheka sana. Nikaondoka.

Kwenye ukurasa huu nimewachapa wanaosema mkate ule ni kumbukumbu tu, kama picha ya marehemu ukutani. Nimewachapa wanaoufanya tuzo ya wenye tabia njema. Nilishinda mabishano yote hayo, na bado mtu aliyefanya baya kuliko wote ni mimi. Mimi niliufanya mgawo.

Kwenye mgawo, ukipata wewe mimi napungukiwa. Kila mmoja anachukua fungu lake, analifunika, anakimbilia kwake. Ekaristi ni kinyume cha hayo kabisa. Mkate unavunjwa ili sisi tuliovunjika tuwe mwili mmoja, na mmoja akiachwa nje, mwili wote umekatwa kiungo. Hostia zilikuwa chache? Zingemegwa. Kipande kidogo kama ukucha ni Kristo mzima; nimewafundisha hivyo wakatekumeni kwa miaka mingi, kisha nikachukua rula.

Nami nilipokea nini leo, wakati yeye amesimama uani? Sithubutu kusema Bwana hakuwepo. Alikuwepo, na hilo ndilo linalonitisha.

Saa nane Bibi Felista alikuja hapa na sahani ya ugali na matapa, kisamvu cha nazi, imefunikwa na kitambaa cheupe. Nilimwamkia bila kumtazama usoni.

"Marahaba, mwanangu. Nilipika mapema, nikisema leo nikitoka kukomunika nile na watu. Sasa lista haikunikuta. Chakula nikile na nani?"

"Bibi, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeliacha jina lako."

"Najua. Si walisema ni mwandiko wako?" Akacheka kidogo. Kisha akaniambia kwamba porini walikuwa watu kumi na mmoja na muhogo mmoja. Katekista wao akaubariki, akaumega, wakala. "Siku ile nilishiba, mwalimu. Yesu alikuwa pale."

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Nimwambie ule haukuwa sakramenti, maana katekista hana daraja la upadre. Ndiyo, hata hapo! Nikaufunga mdomo. Nikanawa, tukala kwenye sahani moja, na yeye ndiye aliyekuwa akinisogezea vipande vizuri.

Alipoaga aliniambia keshokutwa anarudi Mbau kuangalia shamba lake, na hajui kama atakuja tena huku.

Padre amefikia nyumba ya mwalimu mkuu wa shule, ng'ambo ya uwanja. Anaondoka kesho saa moja asubuhi na msafara wa askari, na siborio anaibeba. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka hapa. Ila mwaka jana niliandika hapahapa kwamba mahubiri yake ni maji ya kuoshea vyombo. Watu walimwonyesha kwenye simu. Tangu hapo hatujasemezana, na leo nilipokea kutoka mkononi mwake bila kumtazama, nikidhani ule ni msimamo.

Alfajiri nitakwenda na Bibi Felista. Nitamwomba padre radhi kwanza, mbele yake huyo bibi, kisha nitamwombea alichonyimwa. Sina cheti cha kuonyesha. Nitasema tu kwamba namfahamu.

Sahani yake nimeiosha, ipo hapa mezani. Kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, na nyumbani mwangu hakuna kitu kinachotosha kuijaza.

Padre akikataa kuifungua siborio, nitasimama nje pamoja na Bibi Felista, mahali pa wasio kwenye lista.