Mama Namsifu, Watoto Wanavuka

Mama Namsifu, mke wangu,

Mara ya mwisho nilipopanda huko kwenu nilikukuta unapalilia maharage, ukaniambia bila kuinua kichwa nisikuletee habari za barabara.  Tukala makande ya mama yako, nikashuka. Tangu siku hiyo nikipiga simu unaniuliza mpunga unaendeleaje, nakujibu unaendelea vizuri, kisha tunasikiliza upepo wa milimani kwenye simu mpaka mmoja wetu aage. Ndiyo maana leo nimeandika. Barua unaweza kuiweka ukaisoma siku utakayoweza, au usiisome kabisa.

Unakumbuka hapa Maore palivyokuwa kabla ya lami? Ulikuwa ukianika sare za Namsifu, lori moja likipita unaziteremsha kwenye kamba na kuzifua upya. Lakini malori yenyewe yalikuwa yakitambaa kwa sababu ya mashimo, na mbuzi walilala katikati ya barabara bila wasiwasi. Wajenzi walipofika mbele ya nyumba yetu ulitoa kiti nje, ukakaa kuwaangalia kama mtu aliyealikwa harusini. Kesho yake jioni Namsifu akavua viatu, akakanyaga ule weusi, akasema, "Mama, ina joto kama mkate." Ulicheka mpaka ukajifuta macho kwa khanga.

Ulisema sasa kifua cha mtoto kitapumzika na vumbi. Na kweli kilipumzika. Kile kikohozi kilichokuwa kikitukesha kikaisha. Naliwaza sana jambo hilo, kwamba lami ilianza kwa kututendea wema.

Asubuhi ile sitaiandika yote, maana wewe ulifika kabla yangu. Mtoto alikuwa darasa la pili. Alisimama kwenye mistari myeupe ya kivuko kama alivyofundishwa shuleni, trekta likasimama kumpisha, na pikapu iliyokuwa nyuma ya trekta ikalipita. Dereva aliwaambia polisi kwamba hakumwona. Nilipofika kutoka shambani ulikuwa umeketi barabarani umempakata, hutaki mtu amguse, na magari yamepanga foleni pande zote mbili. Yalikuwa yamesimama yote. Siku hiyo yalijua kusimama.

Baada ya mazishi mama yako akakuchukua ukapumzike. Mchungaji aliniambia nisikuharakishe, na sijakuharakisha. Najua nyumba yetu iko karibu mno na barabara, kila gari linalopita linatetemesha vyombo kabatini. Mimi mwenyewe usingizi wangu siku hizi ni wa kuibia.

Lakini kuna mambo yaliyotokea ambayo hukuyasikia, au uliyasikia kwa watu, na ningependa uyasikie kwangu.

Shule iliitisha mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu alieleza kwamba wameomba matuta na kibao cha mwendo, wakajibiwa wasubiri. Akasema wakati tunasubiri, lazima watu wazima wasimame pale kivukoni asubuhi na mchana kuwavusha watoto. Akauliza nani atajitolea. Unaujua mkutano wetu. Kila mtu aliinamia miguu yake. Wengine wana mashamba ya mbali, wengine vibarua. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, sijui hata nilikwenda kufanya nini. Nikanyoosha mkono.

Mwenyekiti wa kamati, ambaye ni mtu mwema na unamfahamu, aliniangalia kwa huruma. Akasema taratibu, "Baba Namsifu, lakini wewe huna mtoto hapa shuleni sasa."

Hakuwa na nia mbaya.  Nikamjibu, "Ndiyo maana asubuhi zangu ziko wazi."

Mama Rehema, yule anayeuza maandazi karibu na lango la shule, akasimama na kusema atakuwa pamoja nami. Unamkumbuka, yule Mnyaturu aliyekuja zamani kukata mkonge kisha akabaki. Hana ndugu hapa hata mmoja, na ndiye aliyeleta uji siku zote za msiba.

Trafiki akaja kutoka Same mjini kutufundisha. Alitupa vizibao vinavyong'aa na kibao chekundu chenye mpini, kimeandikwa SIMAMA. Alitufundisha tusiangalie gari, tumwangalie dereva, na tusimruhusu mtoto kukanyaga lami mpaka magurudumu yametulia kabisa. Gari moja likisimama, tuhakikishe la nyuma nalo limesimama. Aliposema hilo la mwisho, Mama Rehema alinishika kiwiko.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Madereva walipiga honi, bodaboda walitupita pembeni wakicheka, mmoja akaniuliza nimeajiriwa na nani. Wiki zikapita, wakazoea. Sasa wengi wanapunguza mwendo kabla sijainua kibao. Watoto wa darasa la kwanza hawanijui jina, wananiita Baba Kibao, wananiamkia shikamoo wote kwa pamoja na kunishika mikono. Mikono yao ya asubuhi ni ya baridi, imetoka kunawa. Nikiishika, huwa najitahidi kutazama barabara tu.

Sasa nikwambie lililonifanya nipande huko kwenu siku ile, nikashindwa kulisema.

Ilikuwa baada ya mvua, barabara imelowa. Nimesimama katikati na kibao, lori la mchanga limesimama, watoto wameanza kuvuka. Kutoka nyuma ya lori ikachomoka hiace, vilevile kama ile pikapu. Nilisikia injini kabla sijaiona. Mtoto aliyekuwa mbele ni Elineema wa Mama Eliapenda, aliyekuwa akikaa dawati moja na binti yetu. Nikamvuta kwa begi lake kwa nguvu zangu zote, tukaanguka wote pembeni. Hiace ilipita palepale alipokuwa. Alichubuka magoti, akapoteza kiatu. Basi.

Watu walinizunguka, wakanipa pole na pongezi. Jioni mama yake akaja nyumbani na kuku. Alikaa kwenye kile kiti chako, akajaribu kunishukuru, akashindwa, akalia tu. Na mimi, mke wangu, nilimwangalia yule mama analia, na moyoni nilimchukia. Nilimwonea wivu. Nilijiuliza kwa nini yeye arudi nyumbani kuosha magoti ya mwanawe, na wewe uko milimani unapalilia maharage bila kuinua kichwa. Siku Namsifu anavuka, Baba Kibao alikuwa wapi? Hakuwepo. Hakuna aliyekuwa amefikiria kwamba anahitajika.

Nilimsindikiza mpaka njiani, nikamwambia asante kwa kuku. Kuku mwenyewe sikuweza kumchinja. Yupo hapa uani, anataga.

Watu wanadhani nikiwavusha watoto wa wenzangu moyo unapona. Haponi mtu, Mama Namsifu. Nakwenda kwa sababu nikibaki nyumbani ni vibaya zaidi, na kwa sababu wale watoto lazima wafike darasani. Sina sababu nyingine kubwa kuliko hizo. Nilitaka wewe ujue, maana wengine nawaambia nashukuru Mungu.

Matuta yamejengwa mwezi uliopita. Wamepaka rangi mistari upya na kuweka kibao cha picha ya watoto wawili wameshikana mikono. Mwalimu mkuu aliniita akasema kazi yangu haitasahaulika. Wazazi nao wamegutuka, wamepanga zamu wenyewe, hata wale wa mashamba ya mbali. Jana nilimkabidhi Mama Rehema kizibao changu ili amvishe atakayefuata. Alikikunja vizuri, akanitazama, akaniambia, "Nenda kwa mkeo, Baba. Watoto wa hapa hatutawaacha wavuke peke yao."

Mpunga tumeshavuna. Nimemwomba kaka aangalie nyumba, na sijui atailinda kwa muda gani. Jumamosi ninapanda. Nitakuja na mchele mpya na yule kuku, na gauni la njano la Namsifu, lile ulilokuwa ukilitafuta siku ya mazishi tumvike, tukaambiwa hakuna muda. Lilikuwa nyuma ya sanduku.

Sitakuomba ushuke. Nitauliza tu shamba liko wapi na jembe lingine liko wapi. Kama hutataka kuongea, tutapalilia. Kama utataka kulia, safari hii nitakuwa hapo.

Msalimie mama, mwambie shikamoo yake naileta mwenyewe.

Ni mimi mumeo,
Baba Namsifu