Baba, Zawadi za Sinema za Mwaka Huu Nimezigawa Mwenyewe

Mpendwa Baba,

Mwaka huu zawadi za sinema nimezigawa mimi. Mama alikataa kukaa kwenye kiti chako, na kaka Gaston yuko Jadotville na familia yake, basi nikakaa mimi, kuku mbele yangu, mume wangu na watoto wakinitazama kama watu wanaongoja hukumu. Kisha nikafanya ulivyokuwa ukifanya wewe: nikagonga meza kwa kijiko, nikasema, "Sinema ya mwaka ni..." halafu nikanyamaza mpaka wakapiga kelele.

Firigisi nimeipa ile sinema ya mwanamke mwenye tanuri la mikate kando ya mto. Najua ungenipinga. Ungesema inakwenda polepole kama treni ya mizigo. Lakini kuna mahali anakanda unga huku akimngoja mwanawe arudi, hasemi neno, mikono tu ndiyo inasema, na sali nzima ya sinema ilinyamaza, hata wale vijana wa nyuma wanaotafuna karanga. Paja la mchezaji bora nimempa yule mzee anayecheza kama baba yake, kwa namna anavyovua kofia akiingia ndani. Mabawa ya muziki sikumpa mtu, muziki wa mwaka huu ulikuwa makelele matupu, watoto wakagawana. Na shingo, zawadi ya sinema mbaya kuliko zote, imekwenda kwa ile ya kutufundisha kunawa mikono. Ndiyo, Baba. Wametuonyesha tena.

Unakumbuka ilivyoanza? Gaston alileta sabuni iliyofungwa katika gazeti la Kifaransa, akatusomea kwamba huko Ulaya na Amerika wakubwa wanakutana kila mwaka kuchagua sinema nzuri, na wachezaji wanapewa sanamu. Mama akauliza ni sanamu ya mtakatifu gani. Ulicheka, kisha ukakasirika. Sinema zile zilionyeshwa mjini, kwenye sali za wazungu ambako sisi hatukuruhusiwa kuingia. Sisi tulipata zile tulizochaguliwa, Jumapili mchana, katika sali ya misioni, madirisha yamezibwa kwa mablanketi.

"Bakigawa zabo, na siye tutagawa zetu," ulisema. "Sanamu hatuna. Tuko na kuku."

Basi kila Bonane, mwaka mpya ulipoanza, baada ya misa, Mama alipika kuku, na kila kipande kikawa zawadi. Kwa kuwa wachezaji wenyewe hawakuweza kufika kambini kwetu, kipande kililiwa na yule aliyewatetea vizuri zaidi. Ulitoa hata firigisi yako, ambayo katika nyumba zote za kambi ya reli ilikuwa ya baba, hakuna wa kuigusa. Mama alifunga mlango majirani wasione. Mimi nilijifunza kusema mbele ya watu kwa ajili ya firigisi ile.

Halafu ikaja Bonane ile nyingine, nikiwa namaliza shule ya masista. Uligonga meza ukatoa hukumu yako.

"Paja, mi napatia ule bwana aliuzisha koti yake, kisha akaimba pa kisima."

Gaston akaacha kutafuna. "Baba, ile ni bantu babili. Mwenye koti iko mufupi. Mwenye kuimba iko murefu, tena ana ndevu."

"Sauti ni moja."

"Sauti zinafanana, lakini bantu iko babili."

"Basi bagawanye paja," ulisema, tukacheka wote. Kisha ukaanza kusifu mwisho wa sinema nyingine, harusi ile nzuri. Hapakuwa na harusi, Baba. Yule mwanamke alifunga mlango akaenda zake peke yake. Muziki tu ndio ulikuwa wa furaha. Gaston akasema ulisinzia, nawe ukakubali upesi mno. "Ee, nilisinzia." Hapo nikaona mkono wako ukitembea juu ya meza, polepole, ukipapasa, mpaka ukakikuta kibakuli cha chumvi kilichokuwa mbele yako wazi.

Jumapili iliyofuata sikutazama sinema. Nilikutazama wewe. Ilikuwa ya kuchekesha, ya mtu anayebeba ngazi ndefu sokoni na kuangusha kila kitu, na haikuwa na maneno mengi. Watu walicheka, kisha wewe ukacheka. Kila mara vile vile, watu kwanza, wewe nyuma kidogo, kama mtu anayeitikia sala asiyoijua vizuri.

Tulipotoka niliwaacha Mama na Gaston watangulie.

"Baba, yule mtu wa leo alikuwa anabeba nini?"

"Weye ulikuya kuangalia sinema ao kuniangalia miye?"

"Alikuwa anabeba nini, Baba?"

Ukasimama kando ya barabara, ukavua kofia, ukaivaa tena. "Moshi," ulisema. "Kile kitambaa chote cha sinema mi naona moshi tu. Mwaka wa pili sasa."

Nikaifikiria kazi yako. Wewe ndiye uliyegeuza njia za reli pale stesheni. Wewe ndiye uliyeinua bendera nyekundu au ya kijani mbele ya treni za Sakania zilizojaa watu.

"Na bendera?"

"Serafini ananiambiaka." Papa Serafini, mwenzako wa kazi, alikuwa akisimama karibu nawe na kukunong'oneza rangi. Ukanishika bega. "Bernadeta, nyumba ni ya kazi. Kazi ikiisha, na nyumba inaisha. Tutalala wapi? Usiambie mama yako."

Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Tangu siku ile nilisikia kila treni. Nilikuwa nikifua, honi ikilia naacha kufua. Darasani sista aliniuliza kwa nini nageukia dirisha kila saa.

Asubuhi moja Mama alikuwa akimimina chai, akasema mke wa Serafini amepita, bwana wake ana homa kali, hatakwenda kazini. Wewe uliendelea kufunga kamba za viatu. Nilingoja useme kwamba na wewe utabaki. Ulifunga kiatu cha pili, ukasimama, ukachukua kofia.

"Baba haoni," nikasema.

Mama alibaki na birika hewani. "Anasema nini?"

"Haoni, Mama. Haone bendera. Papa Serafini njo anamuambiaka rangi."

Hukunigeukia. Ulisema tu, "Huyu mutoto ana mudomo." Lakini Mama alikuwa tayari amevuta kiti akaketi mlangoni, birika la moto mapajani.

"Leo utapita juu yangu," alikuambia, bila kupandisha sauti. "Ao utaenda ku hospitali. Chagula."

Ulichagua hospitali. Njia nzima ulitembea mbele, na mimi nyuma nikitazama visigino vyako. Watu tuliongoja nao pale hospitali walituambia kwamba upofu wa namna ile hauna dawa, kwamba kuna mtu kazini amekuroga kwa wivu. Daktari aliinua kope zako, akamulika kwa taa ndogo, akasema maneno machache ya Kifaransa. Muuguzi akatueleza kwamba ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba anaondolewa.

"Anaondolewa?" Mama aliuliza.

"Anaondolewa, mama. Tunafanyaka kila juma."

Mama akakaa chini pale pale sakafuni, akafungua kitambaa cha kichwa, akajifuta uso nacho. Alipumua kwa nguvu, akapumua tena, mpaka muuguzi akamletea maji.

Baada ya kupasuliwa ulilazwa chali, macho yamefungwa, mifuko ya mchanga pande zote za kichwa usigeuke. Nilikuletea ugali wetu wa bukari na mboga, nikakulisha kwa mkono. Ulifungua kinywa kwa chakula, kwa maneno hapana. Nilikuwa nakusimulia sinema za Jumapili, nani kaanguka, nani kaoa, na sikujua kama unasikiliza. Mara moja tu nilipokosea jina la mji, ulitikisa kidole kunisahihisha. Nilirudi nyumbani siku ile karibu nikikimbia.

Walipofungua bendeji wakakuvisha malineti, miwani ambayo vioo vyake vinene viliyafanya macho yako makubwa kama ya bundi. Ulimtazama Mama muda mrefu.

"Uko na imvi," ulisema. "Zilianza wakati gani?"

Mama alicheka mpaka wagonjwa wengine wakaanza kucheka bila kujua sababu. Kisha ukanigeukia mimi. Ulinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni, ukalikunjia uso gauni langu.

"Na iyi robe iko mufupi."

Baba, sijapata kusikia maneno matamu kama yale.

Wakubwa wa reli walikutoa kwenye bendera wakakuweka kwenye stoo ya taa na vyombo. Nyumba ikabaki yetu. Na ile sinema ya koti na kisima iliporudi pale misioni, ulisimama katikati ya sali ukapiga kelele, "Babili! Kweli iko babili!" na padri akakuomba ukae. Bonane iliyofuata ulimdai Gaston paja lako, eti sasa umewaona wote wawili.

Lakini juu ya asubuhi ile ya viatu hukuniambia neno. Niliolewa, nikahamia huku Ruashi, na kila nilipokuja kukusalimu tuliongea sinema tu. Nami nikaamini umenisamehe nusu. Ile nusu nyingine niliishi nayo, na sikuthubutu kuiuliza.

Ulipotuacha, mvua zilipoanza, kwa ugonjwa ule wa kifua uliokuchukua kwa siku chache, Papa Serafini alikuja kwenye kilio na fimbo yake. Alikaa kwenye mkeka karibu nami.

"Weye njo Bernadeta mwenye mudomo?"

"Ndiyo, Papa."

"Baba yako, kisha kutoka hospitali, alikuya kunisalimia. Akasema: Serafini, kila asubuhi nilikuwa naomba Mungu atume muntu wa kunisema, juu miye mwenyewe nilikosa nguvu. Akatuma mutoto wangu. Sasa haya inanishika, sijue namna ya kumuambia aksanti." Mzee alifuta fimbo yake kwa kiganja. "Na miye, mama, ile siku ulisema, nililala muzuri. Mbele ya ile siku nilikuwa nalala na treni mu kichwa."

Nilikwenda uani kwa wanawake waliokuwa wakipika. Tangu ufe nilikuwa sijaweza kumeza kitu. Nilikaa kando ya sufuria nikala bukari, nikala sana, na Mama akaja akaniongezea bila kuniuliza kitu. Sikumwambia siku ile maneno ya Papa Serafini. Nimemwambia jana, naye akasema alijua tangu zamani, alidhani na mimi najua.

Kumbe miaka yote ile tulikuwa tukioneana haya, wewe na mimi, tukizungumza makoti na ndevu za wachezaji. Haidhuru. Yalikuwa mazungumzo mazuri, na sasa nikiyakumbuka sitafuti tena hasira ndani yake.

Pumzika, Baba. Mimi lazima niondoke, leo ni Jumapili, watoto wamevaa viatu na wananiita. Tunakwenda kwenye sali ya sinema na Mama. Amesema tumkalishe mbele kabisa, karibu na kitambaa, kwa sababu siku hizi na yeye haoni vizuri. Amelisema mwenyewe, kwa sauti, mlangoni, mbele ya majirani wote. Kesho asubuhi nampeleka hospitali.

Ni mimi, binti yako mwenye mdomo,

Bernadeta