Ng'ombe Tisa na Mstari Usiosomwa kwa Sauti

"Mashine haina moyo, na anayeiandikia mashine hana la kumuuliza mshauri wa mioyo." Hivyo ndivyo alivyoandika Bwana Isaka, mhandisi mstaafu, katika ukurasa wa barua wa toleo lililopita, akinitaka niwaachie wataalamu mambo ya kompyuta na nirudi kwa wake na waume. Bwana Isaka, nimekusikia, na umekosea. Wewe umezoea mashine inayovunjika ukaona chuma kilichokatika. Hizi zinazoingia sasa katika kila shirika lililouzwa na kila kampuni iliyofunguliwa juzi huvunjika ndani ya sentensi. Sentensi huandikwa na mtu, na mtu huyo ana mwalimu, ana shangazi, ana woga. Soma barua hii kutoka Korogwe, kisha unionyeshe ni wapi moyo haupo. Nimeipunguza kidogo tu, na jina la mwandishi nimelificha kama alivyoomba.

*

Mshauri mpendwa, shikamoo, nakuandikia saa saba mchana, wenzangu wamekwenda kula na mimi nimebaki na kompyuta mbili, moja yangu na moja ambayo haijawashwa tangu Machi, na nahitaji mtu wa kuniambia la kufanya kwa sababu katika Korogwe nzima aliyekuwa anaweza kunielewa alikuwa mmoja, na nimemfukuza mimi, ingawa barua ya kumfukuza haina sahihi yangu.

Mimi ni Mmasai wa Misima, nina miaka ishirini na minane, naandika programu katika kampuni binafsi iliyochukua kazi ya majosho na chanjo za mifugo baada ya serikali kujitoa, na maandishi ya programu sisi tunayaita kodi, kwa hiyo siku niliyomwambia baba kwamba kazi yangu ni kuandika kodi alielewa kwamba natoza watu kodi, akawaonya wazee wenzake wasitaje mifugo yao mbele yangu, na mpaka leo nikifika nyumbani mazungumzo yanakatika, basi hata kwetu sina wa kumweleza ninachofanya.

Aliyenifundisha ni Mzee Semboja, Mzigua wa Kwedizinga, ana miaka hamsini na mitano, alianza na kompyuta za kadi zilizotobolewa kwenye shirika moja la umma, shirika lilipouzwa akapunguzwa, akakaa shambani miaka mingi mpaka kampuni yetu ilipomwita, na ndiye aliyenionyesha kwamba katika lugha ya kompyuta tunayotumia kila ng'ombe anaandikwa kama "kitu", kitu chenye namba, rangi, boma lake na alama ya ugonjwa, na alama hiyo inabadilika humo humo ndani ya kitu ng'ombe akiugua au akipona, na siku ile ya kwanza alicheka akasema, "Mmasai, ukirudi kwenu usimwambie baba yako ng'ombe ni kitu, utalala nje na ndama," nami nikamjibu, "Mzee, ninyi Wazigua ng'ombe mnamjua akiwa kwenye sufuria tu, tuachieni wenyewe tuseme," tukawa hivyo, utani kutwa, na kila Jumamosi asubuhi tulikuwa tunasomeana, yaani anageuza kiti chake upande wangu na anasoma programu yake kwa sauti kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, "Namchukua ng'ombe wa kwanza, nimemtazama, ana alama, nimemweka pembeni, namchukua wa pili," halafu zamu yangu, namgeuzia kioo cha kompyuta nasoma yangu.

Mwaka jana likaja toleo jipya la lugha ile, nikakuta limeingizwa mambo kutoka lugha za aina nyingine kabisa, za watu wanaoandika programu kama hesabu, ambako kitu kikishawekwa hakibadilishwi na kazi yote inafanywa na fanksheni, yaani kanuni ndogo unayoipa kitu nayo inakurudishia jibu, na sasa unaweza kuichukua fanksheni fupi isiyo hata na jina ukaitia katikati ya programu yetu ya vitu, badala ya mistari kumi ya kuzunguka ng'ombe mmoja mmoja unasema kwa mstari mmoja tu "wagonjwa ni wale wenye alama", na sijui kama umewahi kupenda jambo ambalo hakuna mwingine anayeuona uzuri wake, mimi nililipenda, nikalitia kila mahali, na Mzee Semboja alipogeuza kiti akasema, "Haya, nisomee," nikamwambia, "Mzee, hii haisomwi, inaeleweka," akakisogelea kioo, akasema, "Mimi sijaielewa, mwanangu," nami nikamjibu mbele ya makarani, "Basi wewe baki na vitu vyako," wakacheka, na Jumamosi iliyofuata hakugeuza kiti.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, kila Jumatatu programu yetu inafanya mambo matatu kwa kufuatana, inachagua ng'ombe waliopata alama ya ugonjwa wiki iliyopita, inafuta alama za zamani ili wiki ianze upya, kisha inachapa orodha ya wale waliochaguliwa ili wazuiwe wasiingie mnadani Mkata, na sehemu ya kufuta aliiandika Mzee Semboja, miaka mitatu haikumdhuru mtu, lakini sehemu ya kuchagua niliiandika upya mimi kwa mstari wangu mmoja, na sikujua, au nilisoma nikapita haraka, kwamba mstari wa namna ile hauchagui chochote pale ulipoandikwa, unalitunza swali tu, na swali linaulizwa pale orodha inapotazamwa, kwa hiyo programu ilianza kuuliza nani ana alama wakati wa kuchapa, na alama zilikuwa zimeshafutwa. Wagonjwa walikuwa kumi na mmoja, karatasi ikatoka na wawili, wale ambao karani aliwawekea alama upya katikati ya kufuta na kuchapa, na tisa waliobaki wakaingia mnadani, homa ya mapafu ikarudi na waliochanganyika nao, Misima wakafa ng'ombe saba, watatu wa shangazi yangu Nasinkoi, mjane, na hakuwa na wengine wa kukamua.

Meneja akaita kikao, nami nilikuwa nimeshaligundua kosa langu tangu jana yake, akataka aonyeshwe programu, mstari wangu hakuuelewa akaupita, akafika palipoandikwa kwa herufi kubwa FUTA ALAMA, akauliza, "Nani kaandika hii?" Mzee akasema, "Mimi," meneja akanigeukia, "Na wewe unasemaje?" nikasema, "Ndiyo hapo zinapofutwa," na hiyo ilikuwa kweli, Mshauri, kila neno lilikuwa kweli, na Mzee alinitazama, akachukua miwani yake na mto wa kiti alioshonewa na mkewe Hamisa, akasema tu, "Haya, baki salama, mwanangu."

Siku hizi Misima hawasemi Semboja, wanasema Wazigua wametufutia ng'ombe, na shangazi alinishika mkono njiani akaniuliza, "Wewe uko mle ndani, yule Mzigua wenu alitulenga sisi, sivyo?" nikasema sijui, na mwezi uliopita vijana wa kwetu na vijana wa Kizigua walishikana kisimani kwa neno hilohilo. Nitasema, naapa nitasema, nitasema mkataba wangu ukishaongezwa, nitasema watu wakishatulia, lakini kinachoniumiza hasa ni kwamba hakuna atakayejua nisipotaka, maana aliyebaki wa kuusoma mstari ule ni mimi, na kila Jumamosi nageuza kioo upande wa kiti kile kwa mazoea, halafu nakirudisha. Je, niziondoe fanksheni zote nirudi kwenye vitu vitupu, au nihamie Dar es Salaam waliko watu wa kunielewa, au ninyamaze tu?

Nimekuandikia wewe kwa sababu Mzee alikuwa anatusomea safu yako wakati wa chai, anaiga hasira zako, tunacheka, na nasikia muuza magazeti wa Mkata bado anamtumia nakala yake Kwedizinga kila Jumatatu kwa utingo wa basi. Tafadhali ficha jina langu.

Niliyebaki, Korogwe

*

Niliyebaki,

Pole. Ni pole ya kweli, na sitairudia.

Umeanza maswali yako na fanksheni, basi nami nianze hapo, maana ndiko ulikojificha. Nimeazima kitabu cha lugha yako ya kompyuta kwa mpwa wangu, nimesoma kurasa mia mbili, nyingine mara tatu. Fanksheni zako hazina kosa. Anayetaka ziondolewe zote kwa sababu "hapa tunatumia vitu" ni mvivu sawasawa na wewe uliyezitia kila mahali kwa sababu ni mpya. Kwa kuchagua na kupanga, zinafaa kuliko ile mistari kumi. Ila zimetoka katika nyumba ambayo hakuna kinachobadilishwa kikishawekwa, na ndiyo maana kule unaweza kuuliza swali leo au keshokutwa, jibu likawa lilelile. Wewe umelichukua swali hilo ukalileta katika nyumba ambayo alama hufutwa kila Jumatatu. Na ulijua kwamba hufutwa! Kitabu chako kina amri ya neno moja ya kulazimisha swali lijibiwe papo hapo na jibu likae kama lilivyo. Iweke kabla ya kufuta. Iweke leo. Fanksheni ziache.

Na hukuhitaji kitabu. Kiswahili hakikuachii utaje tendo ukanyamaza ni la lini. Mzee Semboja alisoma, "nimemtazama, nimemweka pembeni". Mara ngapi ulimsikia? Sasa soma wa kwako kwa sauti, hapo hapo ulipo. "Nimewachagua"? Hapana, hujachagua mtu. Mstari wako unasema, "nitawachagua nitakapotazamwa". Ungefika kwenye hiyo "nita" mbele ya yule mzee angekuuliza, "Utawachagua lini, mwanangu, kabla sijafuta au baada?" Swali hilo moja, na Nasinkoi angekuwa anakamua hadi leo. Ulimwambia haisomwi. Ilisomeka vizuri kabisa. Wewe hukutaka kuisoma mbele ya mtu anayeweza kuuliza.

Barua yako ina "nitasema" nne. Nimezihesabu. Umeutoa mstari wako kwenye mashine ukauweka mdomoni. Unalitunza jibu mpaka mkataba, mpaka watu watulie, na huku nyuma yako mambo yanabadilika. Mwezi Machi lilikuwa jina la mtu mmoja. Leo ni jina la kabila zima, na vijana wameshashikana kisimani. Unasubiri litulie lipi?

Halafu unaniambia kila neno lilikuwa kweli! Usinichezee. Nimeandika magazetini miaka ishirini na nawafahamu watu wanaosema maneno ya kweli ili mwingine aumie. Mzee huyo alipopunguzwa mara ya kwanza, alipunguzwa kwa barua iliyochapwa na watu asiowajua, na wengi wetu tulipiga kelele tulivyoweza. Mara ya pili amepunguzwa na mwanafunzi wake, kwa maneno matatu, katika chumba ambacho, ukimtoa yeye, ni wewe tu uliyeweza kusema ukweli. Unadhani hakujua? Mtu aliyesoma programu kwa sauti kila Jumamosi miaka yote hiyo, unadhani alikutazama bure? Nadhani alikuachia nafasi ya kusema, ukaipita kama meneja alivyoupita mstari wako.

Kuhusu Dar es Salaam. Nenda, wanaojua fanksheni wamejaa huko, utakaa nao meza moja, mtaongea kutwa, na utabaki peke yako vilevile. Hukukosa watu wanaojua unachojua. Ulikuwa na mmoja asiyekijua, akageuza kiti akasema nisomee. Watu wazima wenye ujuzi wao wanaofanya hivyo kwa kijana nimewaona wachache sana, na mimi mwenyewe, nakiri, si mmoja wao.

Fanya hivi. Chapa ukurasa ule wenye mistari yenu yote miwili, wako na wake. Jumapili asubuhi panda gari ushuke Kwedizinga. Mpe mzee shikamoo yake, usubiri aitikie hata akichelewa. Usianze kujieleza, usimletee sukari wala kitenge cha mkewe Hamisa kama mtu aliyekuja kuposa. Kaa ulipoonyeshwa na usome mstari wako kwa sauti, kwa Kiswahili, na wakati wake ulio sahihi. Ukimaliza, sema, "Nilijua, nikanyamaza." Asipojibu, endelea kukaa. Akikufukuza, ondoka, lakini ukurasa mwachie. Jumatatu uwe kwa meneja na ukurasa kama huo, umwambie kwamba FUTA ALAMA haikuwa na kosa, na kazi ikienda iende. Kutoka hapo nenda Misima kwa shangazi yako. Yeye mwambie kwa Kimaasai, ili pasiwe na neno la kujifichia, kwamba aliyemfutia ng'ombe ni mtoto wa kaka yake. Kisha waambie na wale vijana.

Jina lako nimelificha, uliniomba. La Mzee Semboja sikulificha, na nimefanya kwa makusudi, kwa sababu miezi saba linapita minadani na hakuna aliyesimama kulitetea. Gazeti hili linafika Korogwe Jumamosi. Kwedizinga, umeniambia mwenyewe, ni Jumatatu. Atavaa miwani, ataanza kumsomea mkewe kwa sauti akiiga hasira zangu, na katikati ya safu atakutana na jina lake. Sitaki akalisikie kwangu kwanza. Una Jumapili moja.

Nawe muuza magazeti wa Mkata, unayempa utingo nakala ya Mzee Semboja: jina lako silijui, lakini najua unanisoma kabla ya kuuza. Ya wiki hii usiitume mapema, hata utingo akikuharakisha, hata mzee mwenyewe akiagiza. Ishike mpaka Jumatatu jioni. Kuna mtu anayepaswa kuitangulia.