Fomu ya Pasi Ambayo Sikuituma

Mshauri wetu mpendwa, Bibi Nuhad, naandika nikiomba unisaidie. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, sina mume, nafundisha hesabu shule ya msingi katika mji mdogo wa Bonde la Bekaa, naishi na baba yangu ambaye ametimiza miaka themanini na moja, mama alifariki miaka minne iliyopita, na nimefanya jambo ambalo hakuna anayelijua isipokuwa Mungu na sasa wewe.

Baba ana uraia wa nchi mbili, kama wazee wengi wa mji wetu. Alikwenda Brazil akiwa na miaka kumi na tisa, akatembeza vitambaa mlango kwa mlango, akafungua duka mji wa Londrina, akapewa uraia, akamwoa mwanamke wa kule aitwaye Dalva, wakapata binti, Soraia. Ndoa ilipovunjika alirudi kumzika babu, ndugu zake wakamshika asiondoke tena, wakamwoza mama yangu, nikazaliwa mimi peke yangu. Mtaa mzima unamwita Abu Ibtisam, yaani baba wa Ibtisam, ambaye ni mimi, wala hakuwahi kumsahihisha mtu, ingawa mtoto wake wa kwanza si mimi.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja alisafiri kwenda kumwona Soraia, akasema wiki tatu, akakaa miezi minne, na mama akawa akiniambia, "Baba yako ana nyumba mbili, na hii yetu ndiyo ya pili." Alirudi, lakini maneno yale hayakuniondoka.

Basi mwaka jana, wakati wa kuvuna zabibu, Soraia alipiga simu ya video, uso umevimba, figo zimekwisha, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akamwomba baba aende amwone. Pasi ya baba ya Brazil ilikuwa imekwisha muda zamani, na akitumia ya hapa angehitaji viza, naye akasema haombi viza kuingia nchi yake mwenyewe. Siku hizi fomu hujazwa kwenye mtandao, unachukua miadi, kisha unakwenda ubalozi mdogo Beirut na pasi ya zamani na vidole vyako vichukuliwe alama. Macho ya baba hayaoni maandishi ya simu, hivyo aliniachia mimi. Nilikaa karibu naye nikajaza kila kitu, jina lake, jina la mama yake, akinitajia herufi kwa Kireno huku akitabasamu, nikafika mwisho pale pa kutuma, nikamwambia, "Tayari, baba, tusubiri watuite."

Sikutuma, Bibi Nuhad. Niliizima simu.

Wiki iliyofuata nikasema miadi imejaa, halafu nikasema mtandao wao umekatika, halafu nikasema wanataka cheti kipya kutoka Londrina. Nilijiambia ni kwa ajili ya moyo wake, ameshawekewa vyuma viwili kwenye mishipa, ingawa daktari nilipomwuliza alisema anaweza kusafiri mradi apumzike njiani, na hilo pia sikumwambia baba. Mwezi wa pili alikataa kungoja, akasema twende tu, atasimama mlangoni mpaka wamwone. Nikachagua siku niliyojua wamefunga kwa sikukuu yao. Tukavuka mlima, baba amevaa suti na kofia, tukakuta geti limefungwa, mlinzi akamjibu kwa Kireno cha kubahatisha, wakazungumza na kucheka hapo barazani, sijamwona baba akicheka vile tangu mama afe. Mlinzi akamwambia arudi keshokutwa. Keshokutwa nikasema mlimani kuna theluji. Ilikuwepo, lakini kidogo.

Mimi na Soraia hatukuwa na lugha moja, baba ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Siku moja alinitumia mimi ujumbe, ameugeuza kwa simu ukawa Kiarabu cha kuchechemea: "Mdogo wangu, niambie kweli, baba hataki kuja?" Nikamjibu, "Anakuja, dada, ni karatasi tu." Akafa baada ya siku kumi na moja. Bintiye Janaína ndiye aliyetupigia, na hakuzungumza na baba hata dakika mbili.

Baba hakulia mbele ya watu. Walipokuja kutupa pole, jirani mmoja akasema, "Mungu akupe subira, Abu Ibtisam," naye akamjibu taratibu, "Mimi ni Abu Soraia." Tangu siku hiyo haitiki kwa jina langu. Kila akimaliza kuswali anawaapiza makarani wa ubalozi waliomchelewesha, na mji mzima unawaapiza pamoja naye, hata muuza mkate, na mimi naitikia amina.

Sasa binamu yangu Wajdi, ambaye pia ana pasi mbili, amekuja likizo kutoka kule kule Brazil. Baba akamwambia anataka japo kuliona kaburi. Wajdi akatoa simu, na kahawa haijapoa mezani akasema, "Ami, tayari. Alhamisi saa nne asubuhi."

Baba akauliza, "Tayari vipi?"

"Miadi, ami. Kwani nyie mlikuwa mnakwama wapi?"

Wote wawili wakanitazama. Nikasema labda siku hizi wamerahisisha.

Alhamisi hiyo ni wiki hii. Namjua baba, akifika dirishani atauliza kwanza kwa nini walimwacha hivyo miezi yote, na karani atatazama kompyuta amwambie hakuna ombi lililowahi kufika kwa jina lake. Nimefikiria kumpigia karani nimsihi anifichie. Nimefikiria kuificha pasi ya zamani, kisha nikajiona nilivyo. Nikisema naogopa atakufa, nikinyamaza ataambiwa na mtu baki mbele ya watu waliopanga foleni. Nifanyeje? Namba yangu nimeiandika chini.

Binti yake, Bekaa.

*

Binti yangu, barua yako ilinifikia Jumanne, na ukurasa huu hutoka Jumamosi. Alhamisi isingetungoja, kwa hiyo nilikupigia simu. Niliyokwambia nayarudia hapa, kwa idhini yako na majina yakiwa yamebadilishwa, kwa sababu najua kuna mwingine anayesoma sasa hivi akiwa amezikalia karatasi za mtu.

Kwanza pole. Umefiwa na dada, na katika matanga yale yote nadhani hakuna aliyekumbuka kukupa mkono wewe. Pole sana.

Sasa tuambiane. Moyo wa baba yako usiusingizie. Daktari alikwisha kuuruhusu, na ni wewe uliyeniandikia hivyo. Uliogopa kuachwa, ukaamua afadhali aachwe mwingine. Hofu ile uliipata ukiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, na mtoto yule ningempakata. Lakini aliyechagua siku ya sikukuu kwenye kalenda, akamwacha mzee avae suti yake avuke mlima bure, huyo ni mwalimu mtu mzima, na huyo simpakati. Tena unataka karani akufichie? Kijana wa watu ameapizwa miezi kwa kosa lako, bado umtwishe na uongo wako?

Nilikwambia umweleze kabla ya Alhamisi, kwa kinywa chako, kwa maneno machache: sikutuma, nilidanganya, niliogopa. Usimtaje mama yako, marehemu hawezi kujitetea. Usilie mpaka yeye ndiye awe wa kukubembeleza. Na msamaha usiuombe siku hiyo, maana ungemtwika kazi nyingine juu ya msiba.

Jana umenipigia. Ulimweleza Jumatano asubuhi, akiwa anamenya chungwa, naye akamaliza kulimenya. Hakukufokea. Alikuuliza jambo moja tu: "Soraia alijua kwamba nilitaka kwenda?" Ukamtolea ujumbe wa dada yako na jibu lako. Akakuambia umsomee tena. Kisha akasema, "Kumbe alidhani sitaki," akaingia chumbani, na hukumwona mpaka asubuhi. Alhamisi alikaa mbele na Wajdi, wewe nyuma. Dirishani hakuuliza neno kuhusu miezi iliyopita. Aliweka vidole vyake, akamshukuru karani kwa Kireno, akatoka. Amesema pasi ikitoka atasafiri na Wajdi. Kwako hajasema kitu, wala kwa wema wala kwa ubaya, na unaniuliza ufanye nini na ukimya huo.

Ukimya huo ni wake, mwachie. Wewe una kazi.

Leo, kabla hujala chakula cha mchana, mwandikie Janaína. Mwambie babu yake hakukataa kuja, aliomba kila wiki, na wewe ndiye uliyemzuia. Tafuta mtu anayejua Kireno vizuri akusaidie, usiiachie simu igeuze maneno kama haya. Mzee wa miaka themanini na moja asiingie nyumba ya marehemu binti yake akitazamwa kama mshtakiwa. Janaína akikutukana, soma tusi lote, usijibu.

Halafu nenda kwa muuza mkate, na kwa kila uliyeitikia naye amina, uwaambie ubalozi haukumchelewesha baba yako hata siku moja. Mji wenu ni mdogo, kufikia jioni watakuwa wameshajua wote, na shuleni utasemwa. Aibu hiyo ni halali yako, ibebe. Na mtu akimwita Abu Ibtisam mbele yako, msahihishe wewe kabla hajajisahihisha mwenyewe.

Dawa zake ziandike kwa herufi kubwa, saa na vipimo, umpe Wajdi. Mnunulie soksi zile za kubana miguu, safari ni ndefu. Usifungashe zawadi za kuwahonga wa kule.

Unaogopa hatarudi. Huenda asirudi. Ana nchi mbili na alikuwa na watoto wawili, na uliyempunja ni yule wa mbali. Akitaka kukaa karibu na kaburi hilo mwaka mzima, hakuna wa kumhesabia siku, na wewe ni wa mwisho. Ninachoweza kukuambia ni kwamba siku ya safari umpeleke wewe. Mbebee sanduku mpaka pale wanapozuia wasindikizaji. Na akinyamaza njia nzima, nyamaza naye.