Alama ya Jino la Baba

Kolwezi, siku ya Posho (Jumamosi)

Tena leo. Tata Ilunga, mununuzi wetu wa zamani, aligeuzageuza kasamaki kangu ka shaba, ka kudanganyia samaki za ukweli. Alitafuta alama ya jino, akakarudisha pa meza bila kununua. Ninaogopa atelie ya baba itakufa mu mikono yangu.

Marehemu baba alikuwa anauma kila kamoja mbele ya kuuzisha. «Shaba ya muzuri inakubali jino.» Sisi batoto tulikuwa tunacheka.

Kisha Tata Ilunga akatosha mu kofia yake kasamaki ka baba, kenye kuchakaa.

«Hii ingali inavuta samaki mu Lualaba. Badilisha ndoano tu, mwanangu. Alama usiguse.»

Nilibadilisha. Alipogeuka kuangalia njia, nilitia kale kasamaki mu kinywa. Jino langu liliingia mule mule mu alama ya baba.

Nilimurudishia, lakini si mbio.