Ukucha wa Baba

Maskati, Alhamisi

Baba yangu,

Shikamoo. Kifua kimetulia, au bado unakohoa vumbi la bati hapo kibarazani Chumbageni? Na mguu wa Mama je? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa.

Unajua kazi yangu ni kuchora makasha ya chuma ya kuwekea swichi za umeme. Naonyesha pa kukata na pa kukunja, na kila pembe naiachia ule mkato mdogo ulionifundisha: "Pembe usipoikata wewe, bati litajikata lenyewe." Basi mwezi huu makasha yakaanza kupasuka pembeni.

Nikasema hapa pana mkono wa mtu. Nani zaidi ya Sefu, mwenzangu wa chumba, mtoto wa Bi Mwanajuma wa Pongwe? Mashine ya kukatia anaisimamia yeye. Nikaanza kumchunguza. Mbona simu anapigia nje? Mbona akiniona anaficha michoro? Juzi kanipikia mchuzi wa papa, nikaunusa kwanza! Kikulacho ki nguoni mwako, Baba. Nikaenda kwa bosi, nikamwambia Sefu anapunguza mikato yangu makusudi nifukuzwe, akae yeye kwenye kiti changu. Bosi kamwachisha kazi. Jumamosi anarudishwa nyumbani.

Lakini wasiwasi haukuniacha. Leo asubuhi nikachukua kasha lililopasuka, nikalipima na mchoro wangu. Mkato haukuguswa hata kidogo. Nikaweka kidole, ukucha ukaenea sawasawa. Ewe Mola wangu! Kipimo kile sikukitoa kitabuni, nilikitoa kwenye ukucha wako uliokuwa ukipimia mikato. Kwa bati la majiko yako kinatosha. Mwezi huu tumeletewa chuma kinene mara tatu, na mkato usipovuka mstari wa kukunjia, pembe lazima ipasuke. Mimi nikabaki na kipimo kile kile cha ukucha.

Sefu hajui nani kamsema. Ananiuliza mimi: "Ndugu yangu, nani kanifanyia hivi?" Sasa hivi anafunga sanduku, kaniomba kamba. Nimempa huku natazama chini. Naona haya, Baba, naona haya sana.

Nisalimie Mama, shangazi muuza vitumbua, na dada mwalimu. Kwa Bi Mwanajuma usipite kwanza.

Naikunja barua hii, nampa msafiri wa kesho akuletee, kisha naenda kwa bosi kusema kosa ni langu. Ukisikia hodi Jumamosi, na sauti ikawa yangu si ya Sefu, usiniulize kitu mbele ya watu. Nifungulie tu.

Mwanao,
Bakari