Maghorofa Mawili na Sentensi Isiyo Yangu

Jumatano, saa kumi alasiri. Jua limewaka tangu asubuhi na bado linawaka. Ofisini nimebaki peke yangu, jenereta inanguruma nyuma ya ukuta, na hapa nipo mbele ya kompyuta ya shirika naandika mambo ambayo hakuna aliyeniomba niyaandike.

Nimepata kazi Dar. Au tuseme nimekaribia kuipata. Sijafurahi, wala sijahuzunika. Mchana nimekula wali maharage nikamaliza sahani, basi ndiyo hali yangu.

Nianze vizuri. Mimi ni mchora ramani za majengo, mzaliwa wa Kirushya, hukuhuku karibu na mpaka wa Burundi, na huu ni mwaka wangu wa sita wa kazi katika kambi hii ya wakimbizi. Kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuchora ni madarasa mawili kule Nyantakara. Mwezi uliopita niliomba kazi kwa wasanifu majengo fulani wa Dar es Salaam, nao wakanitumia mtihani kwa barua pepe: picha za maghorofa yao mawili ya biashara, marefu yote, la pili limejengwa miaka michache baada ya la kwanza. Niandike ukurasa mmoja, lipi ni bora na kwa nini.

Nilizichapa picha zile kwa wino uliokuwa unaelekea kuisha. Ghorofa la kwanza ni kioo kitupu kutoka chini mpaka juu. La pili limejaa vibaraza na vizuia jua vya zege, nikadhani wenyewe waliishiwa fedha za vioo. Nikalisifia la kwanza. Niliandika kwamba ni la kisasa, lina mvuto, linatazama mbele, maneno yaleyale ya kila kitabu cha chuo.

Mzee Liberati akazikuta picha mezani. Ni mkimbizi wa Burundi, msaidizi wetu hapa ofisini kwa posho ndogo na sabuni, na kabla ya vita alikuwa akichora majengo Bujumbura. Mimi namsemesha Kihangaza, lugha ya kwetu, yeye ananijibu Kirundi, hatujawahi kuhitaji mkalimani. Alivaa miwani yake iliyofungwa uzi pembeni, akatazama kwa muda mrefu.

"Acha kutazama juu, mwanangu," akasema. "Tazama watu wamesimama wapi."

Nikatazama. Mbele ya ghorofa la kwanza kulikuwa na watu kama kumi wanasubiri kuingia, wamejipanga mstari mmoja mwembamba ndani ya kivuli cha nguzo ya umeme, na mlinzi akiwa wa kwanza. Kwenye la pili, sehemu ya chini imerudishwa ndani, sakafu za juu zinafunika wanaosubiri, na kuna mama amekaa kwenye ngazi, amevua viatu.

"Waliochora ni walewale," akasema, "ila kabla ya kulichora hili la pili, kuna siku walisimama nje ya lile la kwanza."

Nilifuta ukurasa wangu wote nikaandika hayo. Sentensi yake hiyo ya mwisho niliiweka mwanzoni kabisa, neno kwa neno, na chini nikaandika jina langu. Nilijiambia ni jambo la kawaida, mtu yeyote angeliona.

Mimi sikuliona.

Leo asubuhi wamejibu. Wananiita Jumatatu. Wanasema ile sentensi ya kwanza ndiyo iliyowafanya waniite, na nikifika wangependa niwaeleze zaidi nilivyolifikia wazo hilo.

Leo asubuhi hiyohiyo Mzee Liberati amepanda lori kurudi Burundi. Nilikuwa najua, alishajiandikisha. Dirishani niliwaona wanaoondoka wamepangwa kwenye vizimba vya foleni, vile vya miti tunavyotumia siku za mgao wa chakula. Vizimba hivyo nilivichora mimi, mwaka wangu wa kwanza hapa. Nilipima upana wa mtu aliyebeba gunia, nikapima milango, nikafikiria mpaka maji ya mvua yatapita wapi. Paa sikuweka. Hakuna aliyenikataza, halikunijia tu akilini.

Alisimama humo tangu saa mbili mpaka saa tano, begi kichwani ili apate kivuli. Miaka yote hii amesimama humo kila mgao, kisha anakuja ofisini kuniuliza nimeamkaje. Hakuwahi kunitajia paa, hata siku ile ya picha. Nimeelewa leo, na hata huko kuelewa hakuniumi inavyopaswa. 

Nilitoka kumuaga, barua pepe ya Dar nimeichapa, iko mfukoni. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akauliza, "Wale watu wako wamejibu?"

Nikasema bado.

Niliona aibu, sina maelezo mengine. Akaniambia watajibu tu, nisikate tamaa, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Baadaye malori yakaondoka kuelekea mpakani na vumbi likatua juu ya meza zetu. Nimempigia mama simu Kirushya kumpa habari za kazi. Amemshukuru Mungu mpaka salio langu likaisha.

Jumatatu watanikalisha kwenye kiti kizuri na kuniambia nieleze zaidi. Sina zaidi. Nimeamua nitawaambia wazo ni la nani, hata kama nitarudishwa na basi la kesho yake. Watauliza mzee huyo anapatikana wapi, na hapo ndipo nilipokwama tangu mchana. Labda orodha za ofisi zinataja mkoa wake. Mimi, miaka sita, sikuwahi kumuuliza kwao ni wapi.